Gego la Mwaka wa Sita



Jumamosi moja katika darasa letu la alasiri hapa Cheptiret, mtoto mmoja wa mwaka wa tatu wa skuli alishindwa kusoma sura aliyokuwa ameihifadhi barabara juma moja kabla yake. Alikuwa amekaa upande, mkono shavuni, na kila alipofungua kinywa macho yake yalijaa machozi. Nilipomwuliza hakusema neno. Alitia kidole kinywani mpaka ndani kabisa akanionyesha. Baba yake alipokuja kumchukua nilimpa khabari, naye akanijibu kwa maneno ambayo mimi nayajua sana, kwani niliyasema mwenyewe zamani: "Hilo ni jino la utoto, mwalimu. Litang'oka lenyewe."

Nikamwomba ngoja kidogo. Tukamgeuza mtoto kwenye mwanga wa mlango, nikachukua kijiko cha chai, nikauvuta shavu kwa mpini wake, na tukahesabu pamoja kutoka katikati ya meno ya mbele: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Lililotoboka lilikuwa la sita. Baba akahesabu tena kwa kidole chake mwenyewe, akanyamaza. Jino lile halikuwa la utoto. Lilikuwa ni gego la ukubwa, ambalo mtoto yule alipewa liwe lake mpaka uzeeni, na lilikuwa na miaka miwili au mitatu tu tangu kuota.

Hiyo ndiyo sababu ya somo letu la leo. Tumekwisha andika katika kurasa hizi juu ya elimu ya watoto, na juu ya mavazi, na juu ya kuamka alfajiri. Lakini mtoto mwenye kuumwa na jino hasomi Kurani wala hesabu, hali vizuri, halali, na mwalimu humdhania mvivu. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu robo ya watoto waliokaguliwa katika Kenya wana meno yaliyooza. Basi katika kila darasa la watoto arubaini, yumkini kumi wanalo tatizo hili, na sisi walimu twawapigia kelele wasikilize!

Na tuanze na hesabu, kwani ujinga wetu mkubwa ni wa hesabu. Mwenyezi Mungu amempa binadamu meno mara mbili. Ya kwanza ni 20, ambayo huanza kutoka mtoto anapokaribia miezi sita na hutimia anapokaribia miaka mitatu. Meno haya ni matano kila upande wa kila taya: mawili ya mbele, chonge moja, na magego mawili madogo. Ni matano, wala hapana la sita. Ya pili ni 32, nayo ndiyo ya ukubwa. Sasa tazama: ikiwa meno ya utoto ni matano tu kila upande, basi jino lolote linaloonekana katika nafasi ya sita haliwezi kuwa la utoto, hata kama mtoto ana miaka sita, hata kama meno yake ya mbele hayajaanza kucheza. Kanuni hii ni nyepesi, na mzazi asiyejua kusoma aweza kuitumia. Jino la sita hutoka mwaka wa sita, au karibu yake mbele au nyuma kidogo, na likitoka ndilo hilo hilo.

Kwa nini basi watu wazima, wenye akili zao, hulikosa? Kwa sababu hutoka bila ya kupiga hodi. Jino la mbele likitaka kutoka, la utoto hucheza kwanza, mtoto akalitikisa kwa ulimi juma zima, likang'oka kwa damu kidogo na furaha nyingi, akalirusha paani kama walivyofanya babu zake, na nyumba nzima ikajua. Gego hili halina sherehe. Halimsukumi jino lolote mbele yake. Huota nyuma ya magego ya utoto, mahali ambapo mama hatazami na kijiti hakifiki, na pengine huota hata kabla ya jino la kwanza la mbele kung'oka. Mzazi akasema, "Mwanangu bado hajaanza kubadili meno," na kumbe amekwisha pata manne ya ukubwa, mawili juu na mawili chini.

Na kama kwamba kusahauliwa hakutoshi, gego hili huingia kinywani likiwa na udhaifu wake. Uso wake una mifereji na vishimo vyembamba ambamo chakula hukwama na hata unywele wa mswaki huenda usiingie. Kisha huchukua miezi mingi kupanda mpaka likalingana na wenzake, na katika miezi yote hiyo uso wake uko chini ya uso wa jirani yake, hata mswaki unaopita juu ya magego ya mbele humruka kama gari linavyoruka shimo. Na gamba lake gumu la nje, jino linapokuwa changa, bado halijakomaa. Kwa hiyo mwaka mtoto anapoingia skuli, akaanza kupewa shilingi za kununua vitu mlangoni, ndio mwaka ambao gego lake ni jepesi kabisa kutobolewa.

Nilisema kwamba maneno ya baba yule niliyasema mimi mwenyewe. Binti yangu wa kwanza alipokuwa na miaka saba alilia usiku. Mama yake alisema tumpeleke hospitali Eldoret kukipambazuka; mimi nikasema jino la utoto halifungiwi safari. Tukamtilia karafuu, na baada ya siku chache maumivu yakatulia, na mimi nikajiona mshindi. Sikujua, na laiti ningalijua, kwamba jino lililouma sana kisha likanyamaza bila ya kutibiwa mara nyingi halikupona. Kiini chake cha ndani, chenye damu na hisia, kimekufa. Miezi ikapita. Akavimba taya, homa ikampanda, na alipokuwa anakaribia miaka tisa lile gego liling'olewa. Daktari alinitilia jino katika karatasi. Nililitazama njiani ndani ya gari: lilikuwa na mizizi mirefu, mizima, kama ya mti. Jino la utoto ling'okalo kwa wakati wake halina mizizi ile, kwani mizizi yake huyeyuka kidogo kidogo, na ndiyo maana hutoka kwa kusukumwa na ulimi tu. Binti yangu leo ni mama wa watoto. Gego la nyuma yake limeinama kuijia nafasi iliyobaki, na la juu limeshuka kwa kukosa mwenziwe wa kukutana naye, na yeye hutafuna upande mmoja. Hajanilaumu hata siku moja.

Sasa ni nini kinachotoboa? Wazee wetu walisema ni mdudu, na hawakuwa mbali sana na kweli, ila mdudu wao walimdhani mkubwa. Juu ya meno huganda utando mwororo, ule tuuitao ukoga, na ndani ya ukoga mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Chakula chao wakipendacho ni sukari. Wakila sukari hutoa tindikali, na tindikali hiyo huchukua chokaa kutoka katika gamba la jino. Mate ya kinywa huja yakaiosha tindikali na kurudisha baadhi ya kilichochukuliwa, lakini kazi hiyo huchukua nusu saa au zaidi. Kwa hiyo hesabu iliyo muhimu si ya vijiko vya sukari peke yake, bali ni ya mara ngapi kwa siku kinywa kimetiwa sukari. Mtoto aliyekula halua baada ya chakula cha mchana akamaliza, amelipiga jino lake pigo moja. Aliyetiwa peremende mfukoni akaimumunya moja moja tangu asubuhi mpaka adhuhuri, hakuyapa mate nafasi hata mara moja.

Hebu tumfuate mtoto wa hapa petu kwa siku moja. Kuna baridi alfajiri, na amepewa chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha na andazi. Saa nne, mapumziko, amenunua peremende, au barafu ya rangi katika kijifuko cha nailoni. Akirudi nyumbani ni chai tena. Mgeni akija ni chai tena, na mtoto hapitwi. Usiku, kabla ya kulala, kikombe cha mwisho, au biskuti, kisha amelala hivyo hivyo. Na usiku mate hupungua kinywani, ikawa ukoga wafanya kazi bila ya mlinzi. Hapana hata kimoja katika hivi ambacho ni haramu. Lakini jumla yake ni mapigo matano au sita kila siku, juu ya gego changa lisilofikiwa na mswaki.

Na la ajabu ni kwamba haya yatendeka katika nchi ya maziwa. Uasin Gishu si nchi ya dhiki ya chakula kinachofaa meno. Maziwa matupu yasiyotiwa sukari hayaharibu jino, na yana chokaa. Mahindi ya kuchoma, karanga, yai, parachichi, vyote vyapatikana sokoni. Jirani zetu Wakalenjin wana mursik yao, maziwa ya kibuyu yaliyotiwa masizi ya mti, na hayo hayanywewi kwa sukari. Ni sisi tulioyahama hayo tukadhani kwamba kumpenda mtoto ni kumtia utamu kinywani.

Hapa yapasa tujilaumu sisi wa darasa kabla ya kumlaumu mwenye duka. Kwa miaka mingi, mtoto aliyehifadhi sura katika darasa letu alipewa peremende. Mwenye bidii zaidi alipata zaidi! Tumekuwa tukiwafunza watoto kitabu kitukufu kwa mkono mmoja na kuwatoboa meno kwa mkono wa pili, na aliyekuwa hodari ndiye aliyeumia. Tangu muhula uliopita zawadi zetu ni kalamu, na karanga, na pengine mpira wa kuchezea kwa muda. Watoto walinung'unika majuma mawili, kisha wakasahau.

Watu husema, "Mbona wazee wa zamani walikuwa na meno mazuri wala hawakujua daktari?" Wengi wao sukari hawakuijua ila kwa nadra, na hilo lajibu sehemu kubwa ya swali. Lakini wazee wa Kinandi na Kikeiyo mtawaona wana pengo katikati ya meno ya chini, na pengo hilo halikuletwa na ubovu. Ilikuwa ni ada kumng'oa mtoto meno mawili ya chini ya mbele, na moja katika sababu zilizotajwa ni kwamba mtu akishikwa na ugonjwa wa kufunga taya, yaani pepopunda, apate kunyweshwa kwa uwazi ule. Ada hiyo imefifia, na chanjo ya pepopunda imeiondolea hoja yake. Ninaitaja kwa sababu wale waliong'oa waling'oa baada ya meno ya ukubwa kuota, wakijua kwamba hayarudi. Sisi twapoteza la ukubwa huku tukidhani lipo lingine nyuma yake.

Kuna jambo jingine baya kuliko hilo. Mahala pengi katika Afrika ya Mashariki, mtoto mchanga akishikwa na homa au kuhara, wako wanaosema ana "meno ya plastiki" ndani ya ufizi, wakampasua kwa kisu au kwa njiti ya baiskeli na kutoa vijipande vyeupe. Vijipande hivyo si ugonjwa. Ni chonge za utoto ambazo bado hazijaota. Watoto wamekufa kwa damu kutoka na kwa uchafu kuingia, na walionusurika wengine huota chonge za ukubwa zilizoharibika. Aliyeambiwa neno hili na jirani, ampeleke mtoto hospitali atibiwe kuhara kwake.

Tuje kwenye mswaki. Mswaki ni jina la mti kabla ya kuwa jina la kifaa cha dukani chenye mpini. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alisema kuwa lau si kuchelea kuutia umati wake mashakani, angaliuamuru kupiga mswaki katika kila sala, na imepokewa kadhalika kwamba alipoamka usiku aliusafisha mdomo wake kwa mswaki. Katika jambo hili watu wetu wamegawanyika makundi mawili, na yote mawili yamekosea njia. Kundi moja ni la vijana wanaocheka wakimwona mzee na kijiti chake. Na wajue ya kwamba uchunguzi juu ya watoto wa skuli wa Ethiopia, uliochapishwa mwaka 1978, ulionyesha kuwa mtoto aliyefundishwa kutumia kijiti hujisafisha vizuri sawa na mwenye mswaki wa dukani. Neno lenye uzito hapo ni "aliyefundishwa".

Kundi la pili ni la wenye kijiti mfukoni kwa ajili ya sifa. Hukipitisha juu ya meno manne ya mbele mara tatu mlangoni mwa msikiti, kikarudi mfukoni, na nyuma kule ukoga umelala tangu jana. Je, sunna ilikuwa ni kubeba kijiti, au kusafisha kinywa? Mwenye kukitumia na akikate ncha, akitafune mpaka nyuzi zilainike, akifikishe kwenye magego, nje na ndani na juu, na nyuzi zikichakaa azikate aanze upya. Mti wenyewe, ambao wataalamu wauita Salvadora persica, ni wa nchi kavu yenye joto, kama Baringo na Turkana, wala si wa baridi yetu hii. Tunaouziwa umesafiri, na ukikauka kabisa hauna faida mpaka ulowekwe.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho kijiti hakitoi kwa kiasi cha kutosha, nacho ni madini ya floridi, ambayo huingia katika gamba la jino yakaliwezesha kushindana na tindikali. Hayo yamo katika dawa ya meno. Tazama maandishi ya kasha: yafaa iwe na floridi kiasi cha 1000 hadi 1500 kwa milioni, nayo huandikwa hapo kwa herufi za ppm. Kwa hiyo rai yetu ni kwamba mkubwa na mdogo wasiache mswaki wa mti kwa sala, na mtoto asikose mswaki wa dukani na dawa yenye floridi mara mbili kwa siku, na moja katika mara hizo mbili iwe ndicho kitendo cha mwisho kabla ya kulala, baada yake asile wala asinywe ila maji.

Namna yake ni hivi. Mtoto asiyetimia miaka mitatu atiwe dawa kidogo kama punje ya mchele. Wa miaka mitatu hadi sita, kama punje ya njegere. Mzazi asimame nyuma ya mtoto, kichwa chake kimeegemea kifuani, na amsugue yeye mwenyewe. Msimwachie mtoto wa miaka sita kazi hii kwa kuwa ameshika mpini. Mkono usioweza kuandika vizuri hauwezi kufika kwenye gego la nyuma. Mpaka miaka saba au minane kazi ni ya mzazi, na baada ya hapo ni ya mtoto na jicho la mzazi. Na kwa lile gego linalopanda, ambalo bado ni fupi, mswaki usiende mbele na nyuma kama kawaida. Uingizwe kwa pembeni ya mdomo, ukate njia kwa upande, ili ncha zake zishuke mpaka juu yake. Akimaliza ateme povu, asisukutue kwa maji mengi, kwani maji huiondoa floridi kabla haijafanya kazi. Hili huwashangaza watu wetu, ambao tumezoea kusukutua. Anayehitaji kutawadha na atawadhe kwanza, kisha apige mswaki wa usiku mwisho wa yote.

Hapa panahitaji tahadhari. Barabara inayopita Cheptiret yateremka mpaka Nakuru, na tunao miongoni mwetu watoto waliozaliwa huko, au Naivasha, au kando ya ziwa Elementaita, ambao meno yao yana madoa meupe au ya hudhurungi. Watoto hawa huchekwa skuli, na wazazi huwasugua kwa mkaa na mchanga mpaka ufizi ukatoka damu. Si uchafu huo. Ni floridi iliyozidi katika maji ya visima vya Bonde la Ufa, ambayo mtoto aliyanywa meno yake yalipokuwa bado yaundwa ndani ya taya. Na ndugu zetu wa Arusha na kandokando ya mlima Meru wana balaa hiyo hiyo. Kipimo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani ni kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Doa hilo halitoki kwa kusugua. Amwonaye mtoto namna hiyo amwache mkaa, na asimdhihaki.

Na ikiwa gego limekwisha toboka? Usingoje liume. Jino lenye doa jeusi au kitundu kidogo ambalo bado haliumi ndilo lenye kuokolewa kwa urahisi. Katikati ya miaka ya 1980, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, madaktari wa meno walianza kujaribu njia ya kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono tu, bila ya mashine wala umeme, kisha kukiziba kitundu kwa namna ya saruji inayoshikana na jino na kutoa floridi kidogo kidogo. Ilikusudiwa kwa vijiji kama vyetu, na mara nyingi hata sindano haihitajiki. Shirika la Afya Duniani likaitangaza ulimwenguni mwaka 1994. Mwaka 2021 shirika hilo liliitia saruji hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floridi, katika orodha yake ya dawa za lazima, na pamoja nazo maji ya fedha na floridi ambayo hupakwa juu ya uozo ukasimama, ijapokuwa mahali hapo hugeuka peusi. Tena gego ambalo bado ni zima laweza kufunikwa mifereji yake mapema ili chakula kisiingie. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi iko Eldoret, na Chuo Kikuu cha Moi chafunza madaktari wa meno mjini humo. Kwa matatu si safari ya kutisha. Hofu ya watoto wetu kwa daktari wa meno sisi ndio tuliyoipanda, kwani hatuwapeleki ila siku ya koleo.

Akivimba shavu au chini ya kidevu, akawa na homa, akashindwa kufungua kinywa au kumeza mate, hapo si suala la kungoja Jumatatu. Usaha wa jino waweza kushuka shingoni ukafunga njia ya pumzi. Nenda usiku huo huo.

Na kwa kuwa watoto wetu wacheza mpira: jino la mbele la ukubwa liking'oka kwa kugongwa, lisitupwe. Lishikwe kwa upande wa juu, si kwa mzizi, lisuuzwe kidogo bila ya kusuguliwa, lirudishwe mahali pake, au litiwe katika kikombe cha maziwa na mtoto akimbizwe kwa daktari, khasa kabla ya saa moja kupita. La utoto halirudishwi. Maziwa, alhamdulillah, hapa hayatafutwi mbali.

Mama mmoja ametuletea swali: mtoto wake wa miaka kumi ameanza kujizoeza kufunga, naye amekataa kupiga mswaki mwezi mzima wa Ramadhani kwa kuambiwa kwamba atafungua. Jawabu ni kwamba katika madhehebu yetu ya Kishafi imetajwa karaha ya kupiga mswaki baada ya zawali kwa aliyefunga, na wanazuoni wengi wengine hawakuiona karaha hiyo. Lakini hapana aliyesema kwamba kinywa kiachwe kichafu usiku na mchana. Na apige mswaki na dawa yake baada ya daku kabla ya alfajiri kuingia, na apige tena usiku kabla ya kulala, baada ya futari na tende na sharbati zake. Nyakati mbili hizo hazina khilafu, na ndizo hasa jino linazozihitaji.

Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao, baada ya sala ya alasiri, tutawakagua watoto wote wa darasa, tukianza na wa mwaka wa kwanza na wa pili wa skuli. Kila mzazi aje na mwanawe na kijiko cha chai kilichochemshwa, kila mtoto na chake. Tutakaa upande wa mlango, penye jua. Wale watakaoonekana na doa katika la sita tutaandika majina yao, na gari la pamoja la Eldoret litaondoka Jumanne inayofuata saa moja asubuhi. Baba wa yule mtoto wa mwanzo ameahidi kulipa nusu ya nauli.